Pesa Huingia kwa Siku, Kodi Hudaiwa kwa Mkupuo

Mama yangu ana kopo la maziwa ya unga ambalo amehama nalo tangu mwaka 1998, na ndani yake hamna maziwa. Mna mikataba 14 ya pango, mingi ikiwa zile fomu za karatasi moja zinazouzwa stesheneri, iliyokunjwa mara nne ili ienee. Kila mmoja una jina la mwenye nyumba, jina la mama, majina ya mashahidi na, pale ambapo mwenyekiti alikuwa mtu wa kufuata taratibu, muhuri wa serikali ya mtaa. Kodi imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Chini yake kuna mstari usemao "kwa muda wa miezi", kisha nafasi tupu ambayo mtu aliijaza kwa kalamu: sita, sita, kumi na miwili, sita, sita.

Siku moja niliipanga mikataba hiyo sakafuni kwa kufuata tarehe, na safari yetu ndani ya Dar es Salaam ikaonekana kama njia ya mtu anayesindikizwa taratibu kuelekea nje ya geti. Tulianzia Manzese Midizini, tukaenda Tandale kwa Mtogole, tukahamia Mabibo, tukarudi Manzese, tukavuka kwenda Buguruni ambako tulizunguka mitaa mitatu, tukashuka Kigogo bondeni, tukapanda Vingunguti, kisha tukaanza kuifuata barabara ya Pugu kituo kwa kituo hadi Gongo la Mboto. Vyumba 14 kwa miaka 21. Marafiki zangu waliokulia kwenye nyumba za baba zao hudhani natia chumvi ninapotaja idadi hiyo, lakini majirani zetu wa zamani hawashangai hata kidogo, kwa sababu na wao wana makopo yao.

Jambo lililonishughulisha siku ile ni kwamba katika vyumba vyote hivyo hakuna hata kimoja tulichotolewa kwa amri. Hakuna dalali wa mahakama aliyewahi kubisha hodi kwetu, wala askari, wala mtu mwenye karatasi yenye nembo. Isipokuwa mara moja tu, ambayo nitaieleza, kila tulipoondoka tuliondoka kwa adabu, tukiwa tumefagia chumba na kurudisha ufunguo. Ukimuuliza mama kama aliwahi kufukuzwa, atakujibu kwamba hajawahi, na atakuwa anasema kweli kama yeye anavyoielewa kweli hiyo. Mimi naona tulifukuzwa karibu kila mara, na aliyetufukuza alikuwa kalenda.

Nieleze hesabu yenyewe, kwa maana ndiyo kiini cha jambo hili. Mwaka 2012, pale Buguruni, tulikaa kwenye chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Mama alikuwa akiuza chai, maandazi na chapati nje ya gereji, na siku ya kawaida, baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa, alibaki na shilingi 6,000 au 7,000. Kodi ya chumba kile kwa siku ilikuwa shilingi 1,000. Laiti mwenye nyumba angesema aletewe shilingi 1,000 kila jioni, mama asingekosa hata siku ya mvua, kwa kuwa ilikuwa bei ya chapati chache tu. Lakini kodi haikudaiwa hivyo. Ilidaiwa ya miezi sita, yaani shilingi 180,000, pamoja na shilingi 30,000 za dalali, ambaye kwa desturi ya mji huu hulipwa kodi ya mwezi mmoja, ukiacha hela ndogo ndogo za "kuonyeshwa" ambazo hulipwa hata chumba ukikikataa. Jumla shilingi 210,000 mkononi, siku moja. Chumba ambacho mama alikimudu vizuri kabisa kwa siku kilikuwa hakishikiki kwa nusu mwaka.

Sisemi kwamba kodi haikuwa ghali kwa wenye kipato chetu. Nasema ughali wake ulikuwa kitu cha pili. Mji huu una watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, karibu milioni moja zaidi ya sensa ya mwaka 2012, na sehemu kubwa ya watu hao hupata riziki yao kwa siku: mama lishe, mpiga debe, fundi saidia, muuza mitumba, kijana wa bodaboda ambaye kila jioni hutoa kwanza hesabu ya bosi ndipo ajue yeye kabakiwa na nini. Mapato yao huja kama matone. Kodi huja kama ndoo. Kati ya tone na ndoo panahitajika chombo cha kukinga, na chombo hicho ndicho maskini hana.

Mama alijaribu vyombo vyote. Kwanza alikuwa na kibubu cha mbao, kilichopigiliwa misumari ili asishawishike, na nakumbuka nyundo ilivyokuwa ikisikika usiku wa manane mdogo wangu alipopata homa kali, kwa sababu kibubu hakijui kutofautisha kodi na dripu. Kisha akaingia kwenye mchezo, wanawake kumi wakichangia kila siku na mmoja wao kupokea kila baada ya siku kumi, na hapo ndipo tulipopata nafuu ya kweli, maana mchezo hauvunjwi kwa nyundo. Ukishatoa, hela iko kwa mwenzako, na aibu ya kutotoa ni kubwa kuliko njaa. Tatizo la mchezo ni zamu. Ukipangiwa zamu ya nane na kodi yako inaisha wakati wa zamu ya tatu, itabidi umwombe mtu mbadilishane, na kijumbe anayesimamia mchezo akikubali, utakuwa umetumia imani ambayo ungeihitaji siku nyingine.

Baadaye ikaja mikopo ya kausha damu. Sihitaji kuieleza kwa Mtanzania yeyote aliyekaa uswahilini miaka ya karibuni: unachukua laki mbili leo kwa picha mbili, kitambulisho na wadhamini wa kundi lako, na kuanzia wiki inayofuata unarejesha kila wiki, na ukikwama wanakuja kundi zima kuchukua televisheni, jiko la gesi, hata godoro. Watu huisema mikopo hii kana kwamba wanawake wanaikimbilia kwa kupenda vitenge. Kati ya wale niliowafahamu mimi, wengi waliichukua mwezi ambao kodi ilikuwa inaisha. Walikuwa wakinunua muda wa kukaa ndani ya chumba, na jambo la ajabu ni kwamba kausha damu, kwa ukatili wake wote, ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kupokea hela kwa vipande vidogo vidogo, jambo ambalo mwenye nyumba alikuwa amelikataa.

Sasa niseme namna mtu anavyoondolewa, kwa kuwa asiyepanga hawezi kuiona. Mwaka 2009 tulikuwa Mabibo, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, mtu wa heshima sana, ambaye hata leo mama humwombea dua. Kodi yetu ilikuwa imebakiza majuma matatu. Akaja mlangoni jioni, akakaribishwa kigoda, akauliza habari za watoto, akauliza habari za biashara, akanywa chai mpaka ikaisha. Ndipo akasema, "Mwanangu, mimi na wewe hatujawahi kukosana, wala sitaki tukosane. Ila mdogo wako anarudi kutoka Muheza, na hana pa kulala."

"Nimekusikia, mama," mama akajibu. "Basi naomba uniongeze hata wiki mbili za kutafuta, tarehe ikinikuta sijapata."

"Hizo nakupa, mwanangu. Wewe si mtu wa kukutesa."

Mdogo wetu wa Muheza hatukuwahi kumwona. Chumba kilipokewa na vijana wawili waliooana karibuni, ambao dalali alikuwa amewaleta kukiona mchana mama akiwa gerejini, na kodi yao ilikuwa juu ya yetu kwa shilingi 8,000. Kila mtu kwenye ile nyumba alilijua hilo, mama pia. Lakini uongo ule ulikuwa ni stara: ulimwezesha bibi asiseme kwamba amepata mwenye hela zaidi, na ulimwezesha mama asiseme kwamba hana. Nimeusikia uongo huo kwa sura nyingi tangu wakati ule. "Nataka kukarabati." "Shemeji yako kahamishiwa Dar kikazi." "Chumba hiki nataka nikifanye stoo." Lugha yetu ina upole mwingi mahali ambapo hakuna haki ya kudai.

Si wote walio wapole. Huko Vingunguti jirani yetu, fundi viatu, alichelewesha kodi kwa mwezi na nusu. Mwenye nyumba hakumgusa, wala hakumtolea vyombo nje, kwa kuwa alijua hilo lingemfikisha kwa mwenyekiti. Alimleta fundi seremala, ambaye aliufungua mlango wa chumba bawaba kwa bawaba, akaubeba begani na kuondoka nao, kwa maelezo kwamba unakwenda kupigwa randa. Familia ile ililala siku tisa nyuma ya khanga iliyotundikwa mlangoni. Siku ya kumi walipakia vyombo kwenye guta na kuondoka, na kesho yake mlango ukarudi. Wengine huondoa bati mbili juu ya kitanda wakati wa masika. Wengine hufunga choo, au huacha tu kuweka umeme kwenye LUKU ya pamoja, kila mpangaji akimwangalia mwenzake gizani.

Kuhusu hiyo LUKU, niruhusuni nitoke njiani kidogo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi kwenye ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na katika maisha yangu yote sijaona mpangaji aliyekwenda kumwambia baba mwenye nyumba amkatie elfu moja na mia tano zake. Ni hela ndogo. Naitaja kwa sababu inaonyesha jinsi mzigo unavyojua wenyewe njia ya kuteremkia.

Watu waliosoma huniuliza kwa nini wapangaji hawaendi kwenye sheria. Mpaka mwaka 2005 tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ilimwekea mwenye nyumba mipaka ya kupandisha kodi na ya kumtoa mpangaji. Ilifutwa mwaka huo, na tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na chochote kilichoandikwa kwenye ile fomu ya stesheneri. Yapo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na sina nia ya kuyabeza. Lakini fikiria mama mwenye mkataba wa miezi sita, uliobaki miezi miwili, anayepoteza shilingi 6,000 kila siku anayokaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Shauri litaishi kuliko mkataba. Kwa hiyo mambo huishia kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mara nyingi ni mtu mwema, na mara nyingi pia ana vyumba vyake vinne vya kupangisha nyuma ya ofisi.

Zaidi ya mara moja nimewasikia viongozi wakikemea desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka, na kila mara nilipokuwa kijana nilishangilia. Siku hizi sishangilii kama zamani, na sababu ni kazi ninayoifanya. Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Miaka kumi na zaidi nimekaa nyuma ya kaunta nikiandika risiti, na nimejifunza kuzitambua hela za kodi zikiingia. Huja zimefungwa kwa mpira, noti nyekundu za elfu kumi kumi zilizohesabiwa mara nyingi, mkononi mwa mtu ambaye kwa kawaida huja kununua kilo moja ya misumari. Anaagiza mifuko 12 ya saruji. Anauliza bei ya bati za geji 30. Anasema kijana wake yuko nje na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mtu huyo hana mshahara, na kiwanja chake hakina hati kwa kuwa kiko kwenye eneo ambalo halijapimwa, kama yalivyo makazi mengi ya Dar es Salaam. Leseni za makazi zilizoanza kutolewa miaka ya 2000 zimewasaidia baadhi, lakini sijawahi kumwona mteja wangu aliyeniambia kwamba saruji hii ni mkopo wa benki. Benki yake ni mpangaji. Kodi ya miezi sita ndiyo mkopo pekee usio na riba ambao mtu wa aina hiyo ataupata maishani, na kwa mkopo huo amejenga ukuta wa nyuma, choo, na chumba kingine ambacho atakipangisha kwa miezi sita ili apate bati.

Nyumba ya Kiswahili yenyewe ilijengwa kwa wazo hilo: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma penye jiko na choo, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Si nyumba ya tajiri anayepangisha kwa maskini. Ni nyumba ya maskini aliyetangulia anayepangisha kwa maskini aliyechelewa. Ukipiga marufuku kodi ya mkupuo pasipo kumpa huyu aliyetangulia mahali pengine pa kupata mkupuo, atakubali mbele ya mwenyekiti na kuandikisha mkataba wa mwezi mmoja mmoja, kisha atachagua mpangaji anayetoa sita chini ya meza. Nilichukua muda mrefu kulikubali hilo, kwa kuwa nilikuwa na hasira, na hasira inapenda mtu mmoja wa kulaumiwa.

Katika mzunguko huu wote, anayenenepa kila chumba kinapobadilisha mtu ni dalali. Mpangaji akikaa miaka mitano, dalali hali. Ndiyo maana utamkuta jioni kibarazani kwa mama mwenye nyumba, akicheka, akisema tu kwa kupitisha kwamba vyumba kama hivi mtaa wa pili sasa vinakwenda hamsini.

Hasara ya kuhama watu huihesabu kwa nauli ya kirikuu na kikombe kilichovunjika. Mimi naihesabu kwa daftari la Mangi. Kila mtaa una duka ambalo mwenye nalo, hata akiwa Mpemba, wateja humwita Mangi, na kaunta yake ina daftari la wakopaji. Kuandikwa kwenye daftari hilo huchukua miezi. Kwanza anakuona unanunua taslimu, kisha anakuona watoto wako wakitumwa, kisha siku moja unapungukiwa mia mbili naye anasema utaleta, nawe unaleta siku ileile. Mwezi wa nne au wa tano unaweza kuchukua kilo ya unga na kulipa Jumamosi. Mama alikuwa bora mara mia akiwa na daftari la Mangi kuliko akiwa na akiba, maana daftari lilikuwa ndicho chombo chake cha kukingia. Na kila tulipohama, alianza upya. Mtaa mpya, Mangi mpya, taslimu tu. Mchezo mpya, ambao mgeni hupewa zamu ya mwisho. Wateja wa chai wapya, ambao kwa wiki tatu za kwanza hununua kwa jirani yako. Kwa hiyo kila tulipomaliza kulipa mkupuo wa kuingia, tulikuwa tumeingia mahali ambapo hakuna anayetujua, tukiwa na hela kidogo kuliko wakati wowote, na saa ya miezi sita imeshaanza kuhesabu. Nadhani hapo ndipo umaskini wetu ulipokuwa ukitengenezwa, zaidi ya gerejini. Mama hakuwa mvivu na maandazi yake hayakuwa mabaya. Alikuwa akipanda mbegu ileile kila nusu mwaka kwenye shamba jipya.

Shule nazo. Nilisoma msingi katika shule nne. Katika mmoja wa uhamisho huo nilirudia sura nzima ya hesabu za sehemu, na katika mwingine niliiruka, na mpaka leo kuna kitu kuhusu asilimia ambacho nilijifunza dukani tu, kwa kulazimika.

Ile mara moja ambayo si kalenda iliyotutoa ni ya Kigogo, mwishoni mwa mwaka 2015. Tulikuwa tumepanga chumba bondeni, karibu kabisa na Mto Msimbazi, mahali ambapo kodi ni nafuu kwa sababu ambayo kila mtu anaijua lakini mwenye nyumba haitaji. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameua watu wasiopungua 40 jijini na kufanya baadhi ya watu wa bonde hilo wapewe viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Miaka minne baadaye vyumba vya bondeni vilikuwa vimejaa tena, na tulikuwa miongoni mwa waliojaa. Kisha rangi nyekundu ikaja. Kila nyumba ya mstari wetu ilipigwa alama ya X, na bomoabomoa ya Msimbazi ikaendelea kati ya Desemba na mwanzo wa mwaka 2016. Kodi yetu ilikuwa imebakiza miezi minne. Mama alikwenda kwa baba mwenye nyumba kuulizia hela hizo, na alimkuta amekaa juu ya rundo la matofali akitenganisha yaliyopona na yaliyovunjika. Alirudi bila kuuliza. Alisema, "Ningemdaije mtu aliyekaa hivyo?"

Nilikuja kusoma baadaye kanuni za fidia za mwaka 2001, zinazotumika pale ardhi inapotwaliwa na fidia kulipwa, na nilikaa nazo muda mrefu kwa sababu ya kipengele kimoja. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya soko ya nyumba kwa miezi 36. Posho ya usafiri hukokotolewa kwa gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Tani 12! Vitu vyetu vyote, kitanda, kabati la vyombo, meza ya maandazi, ndoo, kopo la mama, vilienea kwenye kirikuu kimoja na nafasi ikabaki ya watu wawili kukaa. Kanuni ile ilimfikiria mwenye nyumba, na si vibaya ikamfikiria. Wale wa Kimara waliovunjiwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, bila fidia, wangeipokea kwa machozi ya furaha. Lakini katika kila nyumba iliyovunjwa, ya Kimara au ya bondeni, kulikuwa na korido, na kwenye korido kulikuwa na vyumba, na kwenye vyumba watu ambao tathmini huwapita kama inavyopita panya. Jengo huandikwa, miti huandikwa, hata mnazi na mwembe vina bei yake. Mpangaji hana mstari kwenye fomu.

Ipo habari moja ya kinyume ambayo napenda kuikumbuka. Wakazi wa Magomeni Kota walikuwa wapangaji, si wamiliki, na nyumba zao zilibomolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Walitawanyika mjini, lakini walibaki na orodha: kaya 644, kila moja kwa jina. Walidai kwa orodha hiyo miaka yote, mpaka mwaka 2016 Rais Magufuli alipoagiza wajengewe, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa wanayokaa sasa. Waliweza kurudi kwa sababu walikuwa na mwenye nyumba mmoja, wa umma, na majina yao yalikuwa yameandikwa mahali. Sisi wa korido tuna wenye nyumba maelfu, na majina yetu yamo ndani ya makopo ya maziwa.

Mwaka 2019 nilinunua kiwanja Chanika, hatua 20 kwa 20, kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Tulihamia kwenye vyumba viwili visivyo na dari wala plasta, na mama alilala usingizi ambao sijawahi kumwona akiulala. Mwaka juzi nilimaliza vyumba viwili vya uwani. Kimoja kikapata mtu mara moja. Cha pili alikuja kukiona kijana wa bodaboda, ana mke na mtoto mchanga, akakisifu, akauliza kodi. Nikamwambia 35,000. Akauliza inalipwaje.

Nilikuwa na ukuta wa upande wa bondeni ambao haujasimama, na masika yalikuwa mwezi mmoja mbele. Niliusikia mdomo wangu ukisema, "Miezi sita." Kijana akaangalia chini kama tulivyokuwa tukiangalia sisi, akasema ana ya miwili, na nyingine angeweza kuleta kwa siku, 1,200 kila jioni, mkononi, kwa kuwa kutuma kwa simu kuna makato.

Nilikwenda jikoni kumwuliza mama, nikiwa na uhakika wa jibu lake. Alikuwa akimenya mihogo, na hakuinua kichwa. "Chukua sita," alisema. "Akikukimbia utamdai nani?"

Nilimpa yule kijana chumba kwa miezi miwili na hiyo ya kila siku. Mama hakugomba, ila alitoa daftari la shule, akachora mistari kwa rula, na tangu miezi ile miwili ilipoisha yeye ndiye anayetia alama. Nyingi ni vema. Kuna majuma yenye mapengo matatu, yakafidiwa Jumamosi. Ukuta wa bondeni haujasimama bado. Dalali amekwisha kupita mara mbili kuniambia Chanika imepanda.

Jana mvua ilinyesha kutwa, na bodaboda haina abiria siku ya mvua. Saa mbili usiku mama alifungua daftari, akashika kalamu, akauliza, "Ameleta?"

Nikamwambia bado.